Jua Likichwa Saa Kumi

Saa ya Kiswahili ni saa ya jua. Mtu wa pwani anaposema saa moja ya asubuhi, moyoni mwake ana maana kwamba jua limekwisha chomoza na sehemu ya kwanza ya mchana imepita. Na anaposema saa kumi na mbili ya jioni, kabla hajauona mshale wowote huuona wekundu uliotandaa juu ya bahari, huwaona watoto wakiitwa ndani, na huisikia sauti ya muadhini ikipanda juu ya mapaa. Kwa kuwa nchi yetu imekaa karibu na mstari wa ikweta, hesabu hiyo haina khiana: ikivuma kaskazi au ikivuma kusi, tofauti baina ya mchana ulio mrefu kabisa na mchana ulio mfupi kabisa haitimii saa moja. Tumelelewa, kwa hivyo, tukidhani kwamba wakati ni kitu kilichotulia mfano wa jabali, na kwamba ibada zetu tano zimejengwa juu ya jabali hilo.

Mimi nilidhani hivyo mpaka majira yangu ya kwanza ya baridi katika mji wa London. Tarehe 21 Disemba, siku iliyo fupi kuliko zote katika upande ule wa dunia, jua la London huchomoza saa mbili ya asubuhi na ushei, hujikokota chini chini juu ya mapaa kama mgonjwa aliyetoka kitandani kwa kulazimishwa, na huchwa kabla ya kutimia saa kumi ya alasiri. Adhuhuri huingia saa sita, Alasiri huingia kabla ya saa nane, Magharibi huingia saa kumi kasoro dakika chache, na Isha huwa imekwisha kuingia kabla ya saa kumi na mbili. Hata sala nne hubanana ndani ya saa sita, na mtu aliyezoea kwao kutoka kuswali Magharibi saa kumi na mbili na nusu hujikuta, kwa mshale ule ule wa saa, amekwisha kupitwa na jioni yote. Ratiba ya msikiti niliyopewa niliikunja nikaitia mfukoni, nikaihesabu kuwa ni karatasi tu. Sikujua kwamba ingekuja kuwa shahidi juu yangu.

Kazi yangu ya majira yale ilikuwa katika ukumbi wa kuchambulia barua, mahali ambapo Disemba ni mwezi wa masika: kadi na vifurushi hufurika usiku na mchana, na watu wa ziada huajiriwa kwa wiki chache ili kuzuia mafuriko. Ukumbi ule haukuwa na dirisha ila moja, dogo, lililo juu ya mlango wa kupakilia. Taa zake zilikuwa nyeupe na za daima, hazijui asubuhi wala jioni. Siku ya tatu nilitoka kwa mapumziko yangu ya saa kumi na robo nikiwa na nia njema ya kuswali Alasiri, nikafungua mlango, nikakuta giza. Niliduwaa kizingitini. Mvua nyembamba ilikuwa ikishuka mbele ya taa za magari, na mimi, mwana wa chuoni niliyezaliwa hatua arubaini kutoka msikitini, sikuwa nimeisahau sala. Nilikuwa nimesubiri tu kuitwa, na hapakuwa na aliyeniita.

Usiku ule nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwetu, kwa sababu kwetu halina nafasi ya kuulizwa. Kilichokuwa kikiniinua kitandani alfajiri miaka yote ile, kikinitawadhisha na kunisimamisha safuni, kilikuwa ni imani yangu, au kilikuwa ni mji wangu? Kwetu mtu akikosa msikitini siku mbili huulizwa hali. Akila mchana wa Ramadhani hujificha hata macho ya paka. Na adhana yenyewe huingia chumbani bila ya kubisha hodi. Je, mtu aliyebebwa hivyo tangu utoto ana haki ya kusema kwamba anatembea? Wanazuoni wetu wametufundisha mapema kwamba amali hupimwa kwa nia, na Imamu Bukhari aliiweka hadithi hiyo mbele ya hadithi zote za Sahihi yake, na Imamu Nawawi akaitanguliza katika Arbaini yake ambayo watoto wa pwani huihifadhi kabla hawajaota ndevu. Niliihifadhi nami. Lakini kuihifadhi hadithi ya nia ni jambo moja, na kuitafuta nia yako gizani ukaikosa ni jambo jingine.

Kisha nikautazama mji ulionizunguka, nikaona kwamba swali lile halikuwa langu peke yangu. London ya Disemba ni mji uliovaa mapambo kutoka utosi hata unyayo. Oxford Street huning'inizwa taa kama shada za arusi. Na katika uwanja wa Trafalgar husimamishwa mti mrefu wa jamii ya msonobari, ambao watu wa Oslo wamekuwa wakiupeleka kila mwaka tangu 1947, kuwa shukrani kwa Waingereza kwa msaada wao wakati Norwei ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Chini ya taa hizo hupita umati usio na hesabu, umebeba mifuko mikononi, na ndani ya umati huo wamo wengi ambao, ukiwauliza kwa adabu kama wanaamini kile ambacho sikukuu ile inakiadhimisha, watakujibu kwa adabu vile vile kwamba hawana hakika. Ada imebaki kwao imesimama wima, na nia imetoka kimya kimya kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni niliwasikitikia. Halafu nikakumbuka ile Alasiri yangu, nikanyamaza, maana aliyepoteza nia akabaki na ada, na aliyepoteza ada akaikosa na nia, hawana la kuchekana.

Mtu aliyefika hapo hujiwa na kishawishi cha haraka: kuidharau ada yote, kusema kwamba imani safi ni ile isiyo na sikukuu, isiyo na kanzu mpya, isiyo na jirani wa kukuuliza ulikuwa wapi. Waingereza wenyewe walikwisha kulijaribu jambo hili. Katika karne ya kumi na saba Wapuritani, watu wa dini kali waliotaka Ukristo uliochujwa, waliona kwamba Krismasi imekuwa siku ya ulevi na michezo. Na mwaka 1644, sikukuu ilipoangukia katika Jumatano ya mfungo wa kila mwezi, Bunge liliamrisha watu wafunge siku hiyo kwa unyenyekevu uliozidi. Mwaka 1647 Bunge hilo likaifuta sikukuu moja kwa moja kwa sheria. Watu wa Canterbury wakafanya ghasia mwaka ule ule, na baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660 Krismasi ikarudi pahala pake. Sina shaka kwamba nia ya wale wakali ilikuwa kumtukuza Mungu. Lakini walidhani kwamba ukiondoa kibuyu yatabaki maji. Na maji yasiyo na chombo humwagika.

Aliyenifunza zaidi katika jambo hili ni mtu wa mji mwingine mkubwa. Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya katika Baghdad, ambao zama zile ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia. Wanafunzi walimzunguka kwa mamia na sifa zake zilivuka mipaka. Naye, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, aliichungua nia yake ya kufundisha akaikuta haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ilisukumwa na kutafuta jaha na kuenea kwa jina. Aliteseka kwa miezi akisitasita, mpaka ulimi wake ukamfungika asiweze kusomesha, na matabibu wakasema kwamba ugonjwa huo umeshuka kutoka moyoni. Mwaka 1095 aliigawa mali yake, akauacha mji, akenda Sham, na kule Damascus akawa akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu. Sisi tunaomsoma hupenda kuishia hapo, katika mnara, kwa kuwa mnara unapendeza. Lakini kisa hakikuishia hapo. Baada ya miaka kumi na moja, mwaka 1106, Ghazali alishika tena kazi ya kufundisha, katika mji wa Nishapur. Kwa macho ya mpita njia kazi ni ile ile, na wanafunzi ni wale wale waliokaa duara. Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Nikafahamu kwamba aliyekwenda kuitafuta nia hakuitafuta ili akae nayo peke yake pangoni. Aliitafuta ili airudishe ndani ya ada, ipate mwili wa kukaa.

Nimesema kwamba pale kazini hapakuwa na aliyeniita. Sharti sasa nimtaje aliyekuja kuniita. Kwenye meza iliyokabili yangu alikuwapo mama mtu mzima, mzaliwa wa Jamaika, mcha Mungu wa kanisa lake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akija kufanya kazi ya Disemba ili apate fedha za kuwanunulia wajukuu zawadi. Alikuwa na mikono myepesi kupita vijana wote, na alikuwa na kawaida ya kuimba nyimbo za dini kwa pumzi, pasipo sauti. Siku ile niliyorudi mezani nimeinamisha kichwa aliniuliza nimefikwa na nini, nami, nikiona haya, nikamweleza. Hakusema neno. Akanyosha mkono akaniomba ile ratiba, akaisoma mstari hata mstari kwa miwani yake iliyofungwa kamba, akanirudishia. Kesho yake, saa nane na dakika tano, nikasikia meza yake inagongwa mara mbili kwa pete ya arusi: ko, ko. Nikainua macho. "Mwanangu," akaniambia, "wakati wako umefika." Alikuwa ameuona mwanga wa dirisha dogo juu ya mlango unaanza kugeuka rangi. Nikaenda nyuma ya matoroli, nikatandika kikatoni kilichokunjuliwa, nikaswali Alasiri; na kabla ya kutoa salamu nilihisi kwamba wapo waliokuwa wakisukuma matoroli yao kwa njia ya mbali ili wasinikatize. Kwa muda wa siku kumi na sita mama yule hakunisahau hata mara moja, wala hakuniuliza kitu juu ya dini yangu, wala hakunihubiria yake. Ilipofika tarehe 24 nikamwomba msimamizi anipe zamu ya usiku aliyopangiwa mama yule, ili awahi ibada ya kesha kanisani kwake.

Sisemi hapa kwamba dini zote ni moja. Yeye asingekubali kauli hiyo, nami siikubali. Na heshima iliyokuwapo baina yetu ilitokana na kwamba kila mmoja wetu alijua anasimama wapi. Nasema jambo dogo zaidi, na kwangu ni zito zaidi: mwanamke yule alikuwa ada yangu. Kile ambacho kwetu hufanywa na mnara, na mtaa, na bahari inayobadilika rangi, alikifanya yeye kwa pete moja juu ya meza. Nikaanza kuyatazama upya yale niliyoyaita mazoea ya kwetu. Ile adhana niliyodhani kuwa ni sehemu ya hewa, kumbe kila siku alikuwapo mtu mwenye koo na usingizi kama mimi, aliyeamka kabla yangu. Yule mzee aliyeniuliza mbona sikuonekana Ijumaa, kumbe alikuwa amenihesabu. Ada ni nia za watu wengine, zilizokanyagwa na kurudiwa mpaka zikawa njia. Na mtoto huzaliwa akaikuta njia, akadhani imejitokea yenyewe kama mto.

Yalikuwapo katika ukumbi ule mambo yaliyonithibitishia hayo kwa uchungu. Katika pembe moja paliwekwa masanduku ya kadi zisizoweza kufikishwa: aliyeandikiwa amehama, au nyumba haipo, au kwenye bahasha pameandikwa kwa mkono wa mtu mwingine kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Niliwahi kushika moja ya namna hiyo, ina anwani iliyoandikwa kwa wino wa buluu, kwa herufi za mtu aliyefundishwa kuandika zamani, na nyuma yake kimebandikwa kinyota cha karatasi ya dhahabu. Mwandishi hakuwa na habari. Labda walikuwa wakipelekeana kadi kila Disemba na hawajaonana miaka ishirini. Kwetu mauti hutangazwa msikitini kabla jua halijapanda, na asiyemjua marehemu hubeba jeneza. Katika mji wa watu zaidi ya milioni nane mtu anaweza kufa, na salamu zikaendelea kumjia mlangoni. Lakini sikuweza kuicheka kadi ile wala kuiita upuzi wa desturi. Kinyota kile kilibandikwa kwa kidole cha mtu aliyemkumbuka mwenzake, na ada ndiyo iliyomkumbusha.

Siku yenyewe ya Krismasi London hunyamaza. Garimoshi za chini ya ardhi hazitembei, mabasi hayatembei, maduka yamefungwa, na mji uliokuwa ukinguruma wiki nzima hukaa kama bandari wakati wa shwari. Nilitoka kwa miguu kwenda kuswali Adhuhuri katika msikiti wa Brick Lane, upande wa mashariki wa mji. Jengo lile halikujengwa na Waislamu. Lilijengwa mwaka 1743 na Waprotestanti wa Kifaransa, ambao wazee wao waliikimbia nchi yao baada ya mfalme Louis XIV kuwaondolea uhuru wa ibada mwaka 1685. Katika karne iliyofuata likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi waliokuja kutoka Ulaya ya mashariki. Na mwaka 1976 likawa msikiti wa jamaa waliotoka Bangladesh. Juu katika ukuta wa upande wa Fournier Street ipo saa ya jua waliyoiweka wale Wafaransa, ina mwaka wa 1743 na maneno mawili ya Kilatini yenye maana kwamba sisi ni kivuli.

Nilisimama nikaitazama. Mbingu ilikuwa imefunikwa na wingu zito kutoka upande hata upande, na saa ya jua isiyo na jua haikuwa na la kuniambia. Hata kile kivuli ilichokitolea mawaidha hakikuwapo. Nikawaza juu ya wale walioingia na kutoka katika mlango ule kwa karibu karne tatu, kila kaumu na Kitabu chake na lugha yake ya kilio, wote wageni, wote wakiwa na baridi, na kila kaumu ilipohama mtaa kuta ikaiachia ijayo. Hakuna hata mmoja wao aliyeijua saa yake ya ibada kwa kutazama ukuta ule mwezi wa Disemba. Waliambiana. Mlangoni mzee mmoja mwenye shali alinitupia macho akaona natazama juu, akaninyoshea kidole cha kuonya kwa upole kwamba ikama inakaribia, na mimi nikavua viatu.

Na si saa za ibada tu zinazohama. Mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa hivyo mwezi wa Ramadhani huzunguka majira yote: mwaka 1998 na mwaka 1999 ulianza katika Disemba, na kwa hesabu ya falaki mwaka 2030 utaandama mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba. Zamani niliona kuwa jambo hilo ni la wanahesabu. Siku hizi naliona kuwa ni rehema, kwa sababu ibada isiyofungwa na majira haimwachi mtu auachie msimu umfanyie kazi yake. Kila mwaka humjia ikiwa na sura nyingine, na kila mwaka humtaka aikusudie upya.

Majira ya baridi yaliyofuata nilirudi katika ukumbi ule ule. Mama yule hakurudi. Miguu yake haikumruhusu tena. Katika kiti chake aliwekwa kijana wa Kipoland, Mkatoliki, mwenye haya nyingi na Kiingereza kichache, ambaye tarehe 24 nilimwona akinyanyuka kila baada ya muda kwenda chini ya dirisha dogo, akitazama juu, akirudi. Nikamuuliza anatafuta nini. Akanieleza kwamba kwao, usiku wa kuamkia Krismasi, watu hujizuia wasile karamu ya jioni mpaka nyota ya kwanza ionekane, na ni kazi ya watoto kuitazamia. Naye, ingawa hakuwa mtoto na zamu yake haimaliziki mpaka saa kumi na mbili, hakutaka kuipoteza. Wingu lilikuwa lile lile la London. Hapakuwa na nyota, wala isingepatikana.

Nikaitoa ratiba yangu mfukoni. Magharibi ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Tukafanya kazi, yeye upande wake, mimi upande wangu, na mshale ulipofika nilingoja dakika chache zaidi, kwa kadiri ambayo kwetu wekundu huiachia mbingu nyota zake; kisha, kwa kuwa sikuwa na pete, nikagonga meza kwa kifundo cha kidole: ko, ko. Akainua uso. "Ndugu yangu," nikamwambia, "imetoka." Akacheka, akafumba macho kidogo, akatoa katika mfuko wa shati bahasha ambayo mama yake alimpelekea kutoka kwao, na ndani yake mkate mweupe mwembamba kama karatasi, usio na chachu, ambao kwa mila yao huvunjwa na kugawanywa kwa kutakiana heri. Akaumega. Nikapokea kipande changu kwa mkono wa kulia, nikamtakia afya yeye na mama yake. Kisha nikaenda nyuma ya matoroli kuswali Magharibi.